Kadha na Fidia

Kitu kikiharibika tuna njia mbili za kuuondoa ubaya uliotokea. Tunaweza kukitengeneza, au tunaweza kukilipa. Watu wengi huziona njia hizi kuwa sawa, na tofauti yake kuwa ya gharama tu: kama kutengeneza ni ghali kuliko kununua kipya, nunua kipya, mambo yamekwisha. Katika insha hii nataka kuuliza kama kuna wakati ambapo kulipa, hata kulipa vizuri, hakumalizi deni. Na kama wakati huo upo, ni kwa sababu gani. Mfano wangu ni boti moja kuukuu ya faiba iliyoko Quitunda, ambayo mjomba wangu aliitengeneza kwa muda wa karibu miaka mitatu bila ya kutumwa na mtu wala kulipwa na mtu.

Msomaji asiyeijua Quitunda aniruhusu nimweleze. Ni kijiji kipya katika rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Msumbiji, si mbali na mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania. Kilijengwa kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Quitupo, Milamba na vitongoji vingine vya rasi hiyo, baada ya gesi kugunduliwa chini ya bahari yetu mwaka 2010 na ardhi ya rasi kutengwa kwa ajili ya kiwanda. Familia za kwanza ziliingia mwaka 2019. Nyumba zake ni za saruji, zimepangwa kwa mistari kama mahindi ya shamba la serikali, na zina umeme na maji. Mjomba alitoka upande wa pwani, mahali ambapo ukifungua mlango unaona kama maji yamejaa au yamekupwa. Kutoka Quitunda hadi baharini si mwendo wa mtu mwenye nyavu begani.

Boti yenyewe ina urefu wa futi 16 hivi. Ni boti ya mbio, ya aina waliyoitumia watalii: pua kali, viti viwili vya mbele, usukani kama wa gari, na mahali pa kioo cha kukinga upepo, ingawa kioo kilikwisha vunjika kabla haijafika kwetu. Boti za namna hii zilienea Marekani na Ulaya baada ya Vita Vikuu vya Pili, viwanda vilipojua kulaza nyuzi za kioo ndani ya kalibu, kuzilowesha kwa resini, na kutoa mwili mzima wa chombo bila ubao wa kuungwa. Hii yaelekea ni ya miaka ya 1970. Mjomba aliinunua Pemba (nasema Pemba yetu, mji mkuu wa Cabo Delgado, siyo kisiwa cha karafuu) kutoka kwa mtu aliyechoka kuiona uani kwake. Jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa Kireno; zilibaki herufi tatu, na hazitoshi kulikisia. Kwetu tunaiita boti ya fibra, Kireno hichohicho. Mtwara wanasema faiba, nami nafuata ya Mtwara kwa kuwa ndiko nilikojifunza kuandika.

Ilikaa miaka mingi chini ya mkorosho imepinduliwa, kuku wakitaga ndani yake. Waliokuja kuandika mali za watu kabla ya uhamisho waliandika nyumba, mashamba, minazi, mikorosho na vyombo vya kuvulia. Boti ile haikuvua, na mjomba hakuitaja. Siku ya kuhama ilipakiwa kwenye lori pamoja na vitanda, kwa sababu yeye alikataa kupanda kabla haijapanda.

Jambo lililowashangaza majirani ni kwamba alianza kuitengeneza baada ya kufika Quitunda. Alipokuwa hatua mia kutoka majini hakuwa na haja nayo, alikuwa na dau lake na kazi zake. Sasa bahari iko mbali ndipo akawa anaamka alfajiri kuikwangua. Jirani mmoja akasema mzee anaunda safina. Mjomba akajibu kwamba Nabii Nuhu naye aliundia nchi kavu, na waliomcheka hatujaambiwa majina yao.

Nilimsaidia kazi hii katika likizo zangu, kwa hiyo naweza kuieleza. Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Unagonga mwili wa boti kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri, mahali pote. Penye uzima mlio ni mkavu. Penye ugonjwa mlio ni mzito, kama wa boga lililopita kuiva. Ya mjomba ililia vibaya nyuma, pale panapobeba mashine, ambapo kwenye dau tungepaita tezi. Faiba haiozi, lakini tezi ya boti hizi ina ubao uliofichwa kati ya ngozi mbili za faiba, na ubao huo huoza. Anayefunga mashine hutoboa matundu ya parafujo, na asipoyaziba vizuri maji hupita humo tone kwa tone, miaka na miaka, bila ya nje kuonekana kitu. (Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaotoka Msumbiji hufurahi kukutana na neno parafujo katika kamusi: Wareno waliacha meza, bendera na leso kila mahali, na hiki kichuma pia.) Tulipoikata ngozi ya ndani, ubao ulitoka kwa kijiko. Chini ya sakafu kulikuwa na sponji ngumu iliyowekwa kiwandani ili boti isizame. Ilikuwa imefyonza maji mengi hadi yenyewe ndiyo ingeizamisha. Tuliitoa yote, magunia manne.

Halafu kulikuwa na malengelenge. Maji hupenya taratibu katika rangi ngumu ya juu na kufanya vivimbe vidogo, ukivipasua vinanuka siki. Kila kimoja hupasuliwa, huoshwa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na huachwa kikauke kwa wiki kadhaa. Hapa haraka haisaidii. Ukiziba unyevu ndani, umeufungia nyumba.

Kuhusu resini yenyewe, huganda kwa kutiwa dawa kidogo sana, sehemu moja au mbili kwa mia. Joto likizidi huganda kabla hujamaliza kupaka, na kopo huungua mkononi. Kwa hiyo tulichanganya kidogo kidogo, baada ya sala ya alfajiri, na jua likipanda tuliacha. Vumbi la msasa linawasha kuliko upupu. Mjomba alijipaka mafuta ya nazi mwili mzima na kujifunga kanga ya shangazi usoni, na watoto walikuwa wakija kumtazama kama sinema.

Lakini lililonifundisha zaidi ni namna kiraka kinavyoshika. Mtu angedhani resini mpya huungana na ya zamani kama maji na maji. Haiwi hivyo. Resini iliyokwisha kuganda miaka mingi haikaribishi mpya. Mpya huishika kwa mikwaruzo tu, kama mtu anayepanda mnazi kwa vidato. Kwa hiyo ile ya zamani lazima isuguliwe mpaka iwe na makwaru, na kingo za tundu lazima zikatwe kwa mshazari mrefu. Kama unene wa faiba ni kidole kimoja, mshazari wake unatakiwa uende vidole kumi na viwili kila upande. Yaani ili kuziba tundu dogo unaingia sana katika sehemu iliyo nzima. Kiraka kilichowekwa ukingo kwa ukingo huonekana kizuri siku ya kwanza, na baada ya msimu mmoja hubanduka kizimakizima.

Mzee mmoja, fundi wa madau, alikuwa akija kututazama. Boti ile aliidharau. Haina mataruma, haina mkuku wa kueleweka, haitiwi kalafati. Alisema ni bakuli lililopewa usukani. Alipouona ule mshazari ndipo alipovuta kigoda akakaa. Kumbe mbao ndefu za chombo huungwa hivyohivyo. Tangu siku hiyo akawa mshauri, na mshauri mkali. Nilikumbuka mafundi wa Lamu waliounda mashua ya Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, ikashushwa majini mwaka 2018: mali mpya, ujuzi wa mababu.

Sasa nirudi kwenye swali. Wanafalsafa wana kisa maarufu cha merikebu ya Theseus, alichokiandika Plutarch. Watu wa Athene waliihifadhi merikebu ya shujaa wao, na kila ubao ulipooza waliuondoa wakatia mwingine, mpaka watu wakaanza kubishana kama bado ni merikebu ileile. Katika karne ya 17 Hobbes, Mwingereza, akaongeza utata: tuseme mtu aliziokota zile mbao zote zilizotolewa akaziunga tena kwa mpangilio uleule, ipi sasa ni ya Theseus? Sisi wa pwani hatukuhitaji kwenda Athene. Tulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari, na kamba hizo zilikuwa zikichakaa na kutiwa nyingine. Sidhani nahodha wa mtepe alilala macho akijiuliza kama chombo chake ni kilekile. Alijua ni kilekile kwa kuwa yeye na wenzake ndio waliokishona, kwa kuwa kilikuwa kikienda kulekule, na kwa kuwa hapakuwa na siku ambayo kilikoma kuwa chombo chao. Mitepe ilipotoweka, ukaundwa mmoja kwa ajili ya makumbusho, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja. Naheshimu kazi ile. Lakini umbo lote lilikuwapo na mtepe haukuwapo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeungojea upepo kwa ajili yake.

Kwa hiyo mimi sioni kwamba mali iliyoundia kitu ndiyo inayokifanya kiwe kilekile, wala sura yake. Naona ni mfululizo wa kazi na mikono: kazi ambayo kitu hicho kipo kwa ajili yake, na watu wanaoijua kazi hiyo. Lugha yetu inalijua jambo hili. Tunasema kutengeneza, na neno hilo limetokana na kutengenea, yaani kuwa sawa, kukaa mahali pake. Aliyetengeneza kitu amekirudisha kwenye ule utengamano. Hakuna katika neno hilo sharti kwamba mbao ziwe zilezile.

Na upande wa pili tunalo neno fidia. Neno hili Quitunda linajulikana na mtoto wa miaka sita. Fidia ya minazi, fidia ya mikorosho, fidia ya shamba. Lakini kabla halijafika katika karatasi za uhamisho, tulikuwa tukilisikia msikitini kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani, likiwa pamoja na mwenzake kadha. Mgonjwa anayetarajia kupona, au msafiri, akifungua, siku zake anazilipa kwa kufunga siku nyingine: hiyo ndiyo kadha. Mzee sana, au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hawezi kuzilipa siku zile kamwe. Huyo hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Kila kimoja kina mtu wake. Tajiri mzima wa mwili hawezi kusema kwamba yeye atatoa magunia ya mchele na kula mchana. Magunia yake ni sadaka, maskini watashiba, na siku zake bado anadaiwa. Tena katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, aliyechelewesha kadha bila udhuru mpaka ikaingia Ramadhani nyingine hulipa vyote viwili, kadha na fidia. Fidia imekuja juu ya kadha, haikuifuta.

Naamini mpangilio huu una hekima hata kwa mtu asiyefunga. Unasema kwamba malipo ya badala yana mahali pake, na mahali pake ni pale tendo lenyewe lisipowezekana tena. Minazi iliyokatwa haifufuki. Ilipwe fidia, na fidia iwe nzuri. Nyumba iliyobomolewa haisimami tena, ijengwe nyingine. Lakini kuna vitu ambavyo havikufa. Bahari haikufa. Iko palepale, inajaa na kukupwa kwa saa zake. Uhusiano wa mvuvi na maji yale ulikatwa kwa umbali, na umbali ni kitu kinachotengenezeka: kwa njia, kwa bandari ndogo ya kutilia nanga, kwa usafiri unaofuata maji na siyo saa ya ofisi, kwa ruhusa ya kupita. Mambo hayo ni kadha. Yakilipwa kwa fedha, hata fedha nyingi, naona deni bado lipo.

Nakumbuka tena ule mshazari. Watu walitolewa mahali wakawekwa mahali pengine, ukingo kwa ukingo: nyumba kwa nyumba, hekta kwa hekta, choo kwa choo. Hesabu ilikuwa safi. Ila maisha ya mahali hayaishii ukingoni. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza na pweza maji yanapokupwa walijua mwamba upi una nini na mwezi gani. Elimu hiyo haikuwa na safu katika daftari la mali, na sijui ungeiandika kwa kipimo gani. Anayetaka kiungo kishike ingempasa aingie mbali katika sehemu iliyo nzima, vidole kumi na viwili kwa kimoja, aulize watu wanafanya nini asubuhi, nani anamngoja nani, samaki anauzwa wapi na kwa mkopo wa nani.

Kuna wanaonipinga, na wa kwanza ni mama yangu. Yeye anasema wazi kwamba kisimani harudi. Amechota maji miaka arobaini, sasa anafungua bomba, na wanafunzi wanaoandika insha kuhusu zamani hawakuwahi kubeba ndoo mbili kwenye mchanga wa moto. Ana haki. Siwezi kumwambia kwamba nyumba ya makuti ilikuwa bora kwa sababu ilikuwa yetu. Ila nimeona kwamba mama hasemi fidia imemaliza jambo. Anasema bomba ni zuri. Hayo ni maneno mawili tofauti, na mara nyingi tunapobishana kuhusu uhamisho tunayachanganya: mmoja anasema bomba ni zuri, mwingine anasikia bahari haina maana. Maskini aliyepewa kibaba amekula kweli, na chakula kile ni halali yake. Swali la siku za yule mtoaji ni swali jingine.

Pingamizi la pili linaniumiza zaidi. Boti ile haikuwa yetu. Iliundwa kwa ajili ya watu wa kustarehe, waliokuja kuvua samaki wasiowahitaji, na kama ni ya miaka ninayoidhani, huenda ilifika wakati Pemba ikiitwa bado Porto Amélia, jina lililobadilishwa nchi ilipopata uhuru mwaka 1975. Je, mjomba anafufua zamani ya nani? Huko Ulaya na Marekani wapo wapenzi wa boti kuukuu ambao hutafuta rangi ileile ya kiwandani, kiti kilekile, hata nembo ya mashine ya mwaka uleule. Wao wangeitazama kazi ya mjomba wakalia. Mahali pa kioo ameziba. Kiti kimoja amekitoa akaweka sanduku la barafu. Badala ya mashine kubwa iliyokuwapo zamani amefunga Yamaha ya farasi 15, ambayo haiwezi kuifanya iruke juu ya maji kama ilivyokusudiwa. Tezi aliijaza plaiwudi nene, tabaka mbili, baada ya ubishi mrefu na mzee fundi aliyetaka mbambakofi. (Mbambakofi ingedumu kuliko sisi sote, lakini ni nzito, na uzito nyuma ya boti ndogo ni balaa.)

Nadhani jibu ni kwamba mjomba hakuwa akilipa kadha ya watalii. Wasifu wa boti ile haumhusu. Alichokirudisha ni ule utengamano wa chombo na maji, na hapo hakujali ulitoka kwa nani. Mtu anayemlea yatima haulizi kwanza kama baba yake alikuwa mwema. Ni kweli basi kwamba kutengeneza kuna kubadilisha ndani yake, na mpaka wa mabadiliko hayo si rahisi kuuchora. Angeitoa pua akaifanya tangi la maji, ningesema ameiua. Sikubali lakini kwamba ugumu wa kuchora mpaka ni hoja ya kusema mpaka haupo.

Pingamizi la tatu halikusemwa kwa maneno. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Maelfu walikimbilia Quitunda na kwenye lango la kiwanda, wakalala nje, ndani, barazani, popote. Wengine walichukuliwa kwa meli na ndege hadi Pemba, wengine wakaingia porini. Siku zile kila mtu alikuwa akiuliza habari ya chombo, chochote, hata mtumbwi. Boti ya mjomba ilikuwa juu ya magogo, nyuma wazi, maana tezi tulikwisha kuikata na bado hatujaijaza. Mama mmoja, mgeni kabisa, alikaa chini akaegemea ubavu wake na watoto wake, akauliza ingebeba watu wangapi. Mjomba akamwambia saba. Mama yule akahesabu wanawe, wanne, akanyamaza.

Baada ya hapo mjomba aliishi Pemba kwa jamaa zaidi ya mwaka. Aliporudi alikuta usukani umeibiwa na mbuzi wanalala ndani, na mwili mzima. Wapo watakaosema kwamba hadithi hii inaonyesha upuuzi wa mchezo wake: mtu anasugua boti ya anasa huku vita viko mkoani tangu mwaka 2017. Mimi naiona kinyume. Yule mama hakuuliza thamani ya boti. Hakuna fidia ya meticais ambayo ingemfaa jioni ile kama chombo kinachoelea na njia ya kukifikisha majini. Kilichokuwa kimepungua Quitunda, pamoja na saruji yote ile, ndicho hicho, na mjomba ndiye aliyekuwa akikitengeneza, polepole mno, kwa msasa. Sikumsikia akisema hivyo. Aliporudi alichosema ni kwamba resini iliyobaki kopo imeharibika na itabidi kununua nyingine.

Tezi ilijazwa mwaka 2022, mwishoni. Mwaka uliofuata tuliipakia tena kwenye lori, la kukodi safari hii, tukaishusha Palma majini. Ilivuja mahali pamoja, penye tundu la bomba la kutolea maji, na mzee fundi akafurahi sana kupata kasoro. Ikazibwa. Bado inabidi ilazwe Palma, mbali na mwenyewe, kwa mtu anayelipwa kuilinda, na mjomba husafiri kwenda kuitazama kama mtu mwenye mtoto wa bweni.

Kuiandikisha kulikuwa na fomu. Nilimjazia mimi kwa sababu ya Kireno: urefu, rangi, mali ya mwili, nguvu ya mashine. Palikuwa na nafasi ya mwaka wa kuundwa. Kibao cha kiwanda kilikwisha kufutika, kwa hiyo nilimuuliza. Mjomba alifikiri muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akauliza kama wanataka ya kwanza au ya pili. Karani akasema fomu ina nafasi moja tu, akaichukua kalamu akaandika 2023. Mjomba akaisoma ile tarehe, akasema basi ni mdogo kuliko mbuzi wake, akauliza petroli inauzwa wapi karibu.